Ripoti Iliyojituma Yenyewe

Baba yangu mdogo aliitikia mwano uliopigwa ili auawe yeye.

Kwetu mwano, yowe la hatari, ukilia mwanaume haulizi. Anaacha jembe, anaacha ugali kwenye sahani, anashika rungu au panga au upinde na kukimbilia sauti inakotoka, huku akiipokea kwa sauti yake mwenyewe ili walio mbali nao wasikie. Kuuliza ni baadaye. Asiyetoka anatozwa faini, na akirudia anatengwa: hapewi moto, hazikiwi. Kwa hiyo baba mdogo alitoka kwenye pamba yake, akachukua rungu, akakimbia na majirani akipiga mwano kama wao, mpaka wakafika mbele ya boma lililoita. Hapo watu wakaachana katikati wakamfungulia njia. Alidhani wanampisha.

Hayo nimeyapata kwa jirani aliyekimbia naye, bega kwa bega. Mimi sikuwepo. Nilikuwa Bariadi mjini, kazini, mbele ya kompyuta iliyotoa majibu yaliyouanzisha mwano ule. Nimeamua kuyaweka kwa mpangilio, kwa kuwa kijijini sasa kila mtu anaanzia anapopenda.

Zilikuwa siku ambazo kila kitu kilikuwa kimepata mnunuzi. Pamba ilikuwa imetoka mikononi mwa ushirika, kampuni binafsi zikigombea wakulima kwenye mizani. Dawa ya josho, ambayo baba yangu aliizoea kama kitu cha serikali, sasa ilikuwa ya dukani. Ikaja kampuni moja ikataka damu ya ng'ombe. Iliamini kwamba katika ng'ombe wetu wa asili, hawa wadogo wenye nundu, wamo wanaohimili ugonjwa wa ndigana bila sindano, na kwamba ukiwajua kwa vinasaba vyao unaweza kuuza mbegu ya madume yao nchi nzima. Walipanga nyumba Bariadi, wakaleta friji, jenereta na mashine ndogo ya kusoma vinasaba ambayo ungeweza kuitia mfukoni. Wakaniajiri kwa sababu nilijua kompyuta na Kisukuma.

Mashine ile haisomi ng'ombe mzima. Inasoma vipande, maelfu kwa maelfu, vya herufi nne tu zinazojirudia, na vipande hivyo havina maana mpaka kompyuta ivifanyie kazi. Inabidi vibovu vichujwe, vinavyobaki vipangwe juu ya ramani ya jenomu, yaani vinasaba vyote, ya ng'ombe wa mfano, zitafutwe sehemu ambazo mnyama huyu anatofautiana na ramani, kisha tofauti hizo zilinganishwe na za wanyama wengine wote tuliowapima. Mwanzoni dada mmoja wa Dar es Salaam, aliyesomea mambo hayo, alikuwa akiiamrisha kila hatua kwa mkono. Ikimaliza, anaangalia, anaamrisha inayofuata. Akachoka. Akaandika programu ya kuzifunga hatua zote pamoja, hatua moja ikiisha inaiamsha nyingine bila mtu kugusa kitu. Tuliiita mnyororo. Ukiweka damu asubuhi, unaweza kwenda kula wali maharage, ukirudi mnyororo unatembea wenyewe.

Mle ndani kulikuwa na hatua ya udugu. Kampuni haikutaka dume ampande dada yake, kwa hiyo mnyororo ulitafuta mama na mtoto, baba na mtoto, popote walipo. Ukikuta mama yuko boma moja na mtoto boma jingine, ulitoa onyo. Yule dada wa Dar es Salaam aliliweka onyo hilo kwa sababu moja tu: vichupa vya damu huwa vinachanganywa. Kwa fundi wa maabara, ng'ombe wawili wa familia moja kwa wenyewe wawili maana yake ni kwamba mtu amebandika jina kwenye kichupa kisicho chake.

Hatua ya mwisho kabisa ilikuwa ya kutuma ujumbe kwenye simu. Wafugaji wenyewe ndio walioidai. Walisema wamechoka na watu wanaotoa damu na kuondoka nayo, hawarudi.

Kitu ambacho dada hakukijua ni jinsi ng'ombe wanavyokaa kwetu. Mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote pamoja. Anampelekea mtu anayemwamini jike mmoja au wawili, kijiji kingine, afuge. Ugonjwa ukiingia kwake, wale wanapona. Wezi wakija, wale hawapo. Anayefuga anakunywa maziwa, anapata samadi, analimia maksai wakipatikana, na uzao ukienda vizuri anapewa mtamba, jike ambaye hajazaa, awe wake. Hakuna karatasi. Wanajua wawili, pengine na mtu aliyefungua zizi siku hiyo. Na anayefuga, akiulizwa na mgeni ng'ombe hawa ni wa nani, hujibu ni wangu. Kusema ni wa fulani ni kumwanika fulani kwa wezi, na kwa serikali pia.

Baba mdogo alikuwa akiishi upande wa Migato. Tulipofika kwake kutoa damu, fundi wa maabara, kijana wa Kilimanjaro, alimuuliza swali lililokuwa kwenye simu yake: mmiliki ni nani.

“Mimi,” baba mdogo akasema. “Unamwona mwingine hapa?”

Alikuwa amemshika yule jike kwa pembe, fundi anatafuta mshipa shingoni. Akaniuliza kwa Kisukuma kama ni kweli mashine yetu inaweza kumjua baba wa ndama. Nikamwambia ndiyo, ikiwa baba naye amepimwa.

“Basi msije mkaileta kwa watu,” akasema. “Mtavunja ndoa nyingi, ngosha.” Mke wake akamrushia gunzi.

Nilijua yule jike alitoka wapi? Nilijua alikuja kwa njia hiyo, kama ilivyo kwa ng'ombe wengi pale. Boma alilotoka sikulijua.

Boma hilo lilikuwa la mzee mmoja tajiri wa kijiji cha jirani, na mzee mwenyewe alikuwa ameshafariki. Aliacha mjane na watoto wawili wa kiume. Mdogo aliuawa kabla mazishi ya baba yake hayajasahaulika: wezi walifungua zizi, yeye akafuata nyayo na sungusungu, walinzi wa kijiji, mpaka pori la mpakani, akapigwa mshale wa sumu tumboni. Walimbeba kwenye mkokoteni wa maksai. Alifika nyumbani akiwa amevimba, ulimi nje. Ng'ombe walioibwa wengine walirudi, wengine hawakurudi. Mkubwa wake aliapa hadharani juu ya wasiorudi. Tangu hapo kila mnada alikwenda kuangalia masikio ya ng'ombe wa watu, na aliwahi kumvunja mtu taya mnadani kwa alama ya sikio iliyofanana tu.

Yeye naye alikubali kupimiwa ng'ombe wake. Alituambia waziwazi: anataka siku moja tumwonyeshe wale waliopotea. Fundi alicheka, akamwambia kazi yetu ni ndigana.

Siku yenyewe damu za boma lile zilikuwa za mwisho kwenye foleni. Mnyororo ulizichuja, ukazipanga, ukalinganisha. Nilikuwa nimekaa mezani onyo lilipotokea kwenye kioo: jike mzee mwekundu wa boma lile ni mama wa jike wa baba mdogo. Nilielewa onyo kama lilivyokusudiwa. Nikainuka kwenda kwenye friji kuhakiki vichupa, kimoja kimoja, nikilinganisha vibandiko. Vilikuwa sawa. Nilipokuwa nimeinama kwenye friji, hatua ya mwisho ilikuwa imeshafanya kazi yake. Ujumbe ulikuwa umefika kwa mtoto mkubwa wa marehemu, kwa Kiswahili safi alichokiandika dada: “Ng'ombe wako namba fulani ni mama wa ng'ombe aliye boma la fulani. Tafadhali umiliki uhakikiwe.” Na jina la baba mdogo, kamili, kama alivyojiandikisha.

Akausoma akiwa amesimama mlangoni. Shemeji yake, mjane wa yule aliyepigwa mshale, alikuwa uani anapepeta choroko pamoja na mama mkwe. Yeye ndiye aliyenieleza yaliyotokea pale. Anasema aliusoma kwa sauti, akaurudia, kisha akasema, “Kumbe wako Migato. Wanakunywa maziwa yao.” Akaingia ndani akatoka na panga. Akapanda kichuguu nyuma ya zizi akapiga mwano.

Waliokuja walikuwa wengi kupita uwanja. Aliwaonyesha simu. Wachache walisoma, wengine waliambiwa na waliosoma: kompyuta ya Bariadi imempata mwizi kwa damu. Jirani wa baba mdogo anasema ndilo neno alilolikuta pale, kwa damu, na lilimtia baridi kwa sababu alikuwa amesimama karibu na mtu waliyekuwa wakimtaja. Kisha njia ikafunguka.

Baba mdogo alisimama katikati na rungu lake. Alikuwa anahema. Aliuliza, “Wameenda upande gani?”

Mtu mmoja akacheka. Mtoto wa marehemu akasema, “Upande wako.”

Pigo la kwanza lilikuwa la rungu, kwenye goti, na alianguka akijizuia kwa mkono. Akajaribu kusema jina la mzee. Alilitaja mara mbili, jirani anasema, jina la yule mzee marehemu na neno alinipa, alinipa, lakini mwano ulikuwa bado unapokewa na waliokuwa wakifika, na kila aliyefika alipiga kabla ya kujua. Hiyo ndiyo desturi: kila mmoja apige, ili asiwepo mmoja aliyeua. Walimpiga kichwani kwa marungu, mgongoni kwa mapanga kwa ubapa, kisha kwa makali. Jicho moja lilitoka. Jirani naye alipiga. Aliniambia hivyo akiniangalia usoni, akasema asingepiga angelala pale pale pembeni yake. Walipomaliza wakaweka nyasi juu yake, wakawasha. Kundi jingine likaenda Migato, likafungua zizi, likachoma nyumba na ghala la mahindi. Mke wake alikimbilia ndani ya pamba na wajukuu, akamziba mdogo wao mdomo asilie.

Polisi walikuta uwanja mtupu na moshi. Walipiga risasi hewani, wakakamata wanaume waliowakuta njiani. Walipoulizwa nani alimpiga, walijibu neno moja, kijiji. Wakaachiwa. Alibaki mtoto wa marehemu, maana aliyepiga mwano hajifichi. Kila mtu aliisikia sauti yake.

Nilimpigia dada simu. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, taratibu, kama mtu anayeogopa jibu, “Kwani kwenu ng'ombe anaweza kuwa wa mtu mmoja, akakaa kwa mwingine, akazaa huko, na wote wawili wakasema ni wao?”

Nikamwambia ndiyo.

Baada ya mazishi alituma mnyororo mpya. Ulikuwa na nafasi mbili, ya mmiliki na ya anayefuga, na hatua ya mwisho haikutuma kitu mpaka mtu asome na kubonyeza. Ulifanya kazi vizuri. Kampuni iliutumia miezi michache, kisha ikauza mashine na kuhamia kwenye mbegu za alizeti.

Mahakamani niliitwa kueleza majibu. Wakili wa mshtakiwa alitaka niseme kwamba kompyuta ilimtaja mwizi, na kwamba mteja wake aliamini alichoambiwa na wataalamu. Nilisema kompyuta ilimtaja mama na mtoto. Akaniuliza kama ng'ombe aliyeibwa na ng'ombe aliyetolewa wanatofautiana kwenye vinasaba. Nikasema hawatofautiani. Akakaa chini.

Kisha shemeji wa mshtakiwa, yule mjane, akatoa ushahidi, na ndipo tuliposikia jambo ambalo hatukulijua. Alisema mama mkwe wake hakukaa kimya siku ile. Aliposikia jina la baba mdogo likisomwa alitupa ungo, akasema, “Wale ni wa baba yako. Aliwapeleka mwenyewe. Zizi nililifungua mimi.” Shemeji aliyasikia maneno hayo yote. Alipoulizwa kama yalisemwa mshtakiwa akiwa bado uani au akiwa ameshapanda kichuguuni anapiga mwano, alitazama chini, akasema choroko zilikuwa zimemwagika, alikuwa anaziokota.

Kama yalisemwa baada, mtu yule alimuua mtu kwa kuamini ni mwizi, na sheria ina jina lake kwa hilo. Kama yalisemwa kabla, alijua, na alipiga mwano ili ng'ombe warudi na mwenye kudai mtamba wake asiwepo. Hilo lina jina jingine, na adhabu yake ni kamba. Mke wa baba mdogo amekuwa akihudhuria kila kikao, amevaa kitenge kilekile, kwa ajili ya kulijua hilo tu. Ng'ombe wenyewe, anasema, hawataki tena.

Mama wa mshtakiwa aliitwa. Ni mzee, anasikia vizuri. Wakili wa serikali alimwamkia kwa Kisukuma, mwangaluka mayu, akaitikia vizuri. Akamuuliza: mwanao alipokuwa anapanda kichuguu, alikuwa ameshakusikia?

Alimtazama mwanawe kizimbani.

“Nilizaa wanaume wawili,” akasema.

Wakili akarudia swali. Jaji naye akalirudia, kwa upole, akamweleza kwamba analazimika kujibu. Hakusema kitu kingine. Shauri likaahirishwa, na likaahirishwa tena. Mara ya mwisho tuliambiwa mama ni mgonjwa, yuko kwa ndugu zake Kiloleli, na kwamba akipona ataletwa. Mshtakiwa bado yuko mahabusu. Swali bado halijajibiwa.