Skonzi za wifi na togwa niliyomficha

Leo nimekula skonzi ya wifi yangu, nikaomba ya pili. Roho inaniuma hadi sasa.

Kuoka nilimfundisha mimi, jamani.

Ila siri ya togwa nilibaki nayo. Unga wangu naukanda kwa togwa iliyochacha. Yeye nilimwambia hamira inatosha.

Sasa leo, kwenye chai ya komunyo ya mwanawe hapa Kigonsera, sinia langu limebaki limejaa. Lake limekwisha padri hajanawa hata mikono.

Nikamvuta pembeni. "Wifi, umeweka nini?"

"Hamira tu, wifi. Si ulinifundisha mwenyewe?"

Nyie mnaooka nyumbani, niambieni. Amenificha, au kweli hamira inatosha?

Maana togwa yangu iko ndooni hapa, sijui niikandie unga au niinywe tu.