Mkata tiketi aliyezijua filamu kwa masikio

Saa tatu asubuhi, Mama Tiketi anaingia studio, anavua viatu mlangoni, anageuza kiti na kuipa skrini mgongo. "Haya, weka," anasema.

Mwenye studio hii ya chumba kimoja, mhariri wa filamu mwenye miaka arobaini hivi, anabonyeza kitufe. Ngoma zinaanza, za haraka haraka, na chini yake zeze linakwaruza. Mama Tiketi anafumba macho, ingawa mbele yake hakuna cha kuona ila ukuta na kalenda ya mwaka jana.

"Huyu anafukuzwa," anasema. "Na wakimpata, kwisha habari yake."

Mhariri anacheka mpaka anashika mbavu. Kwenye skrini ni mwalimu anayewahi basi. Papo hapo anazifuta zile ngoma, na kazi inasonga mbele.

Msicheke, hiyo ni kazi kamili. Watengeneza filamu humletea kazi zao, naye husikiliza bila kutazama, kisha hueleza anachodhani kinatokea. Akikosea, wanajua kwamba muziki na picha havijaelewana. Hulipwa kwa filamu, na mwezi mzuri huwa ni tatu. Ana miaka sitini na nane, na darasa la muziki hajaliona hata mlango.

Alijifunza ukutani. Kwa miaka ishirini na miwili aliuza tiketi kwenye ukumbi wa sinema uliokwisha kubomolewa zamani. Kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi, na kati yake na spika kubwa palikuwa na ubao mwembamba tu. Wachelewaji hawakwisha, kwa hiyo hakuruhusiwa kutoka mpaka filamu iishe. Siku yake ya mapumziko, ukumbi nao ulifungwa.

"Filamu zaidi ya elfu zimepita masikioni mwangu," anasema. "Machoni, hata moja."

Juu ya ngazi alikaa mumewe, aliyeendesha mashine za kuonyesha filamu. Yeye aliona kila kitu kupitia kidirisha, lakini mashine zilinguruma kama za kusaga nafaka, asisikie lolote. Basi wakifika nyumbani mume husimulia picha, mke humwimbia muziki, na filamu inakamilika hapo mezani. Watoto walidhani wazazi wao wamerukwa na akili.

"Nilikuwa namwimbia mpaka chakula kinapoa," anakumbuka, na sauti inamlegea. "Zilikuwa siku tamu, jamani. Hata tukiwa hatuna kitu, zilikuwa tamu."

Filamu moja tu ndiyo iliyowagombanisha. Ilihusu mke aliyeachwa na mume aliyekwenda safari, na ilikaa ukumbini wiki mbili. Filamu nzima ilipigwa filimbi moja, nyembamba, ya kuliza. Kisha mwishoni kabisa tarumbeta zikafunguka kwa furaha, na mkata tiketi akapiga makofi peke yake kibandani. Mume amerudi!

Mumewe akakataa katakata. Aliona kwa macho yake: mwanamke anafunga mlango, anaondoka, hakuna aliyerudi. Mke akamwambia muziki haudanganyi. Mume akamwambia basi macho yake ndiyo yanadanganya? Wakabishana zaidi ya miaka thelathini, kwa utani na wakati mwingine kwa kununiana kweli. Hata kitandani hospitalini, miaka minne iliyopita, mume alimvuta mkono akamnong'oneza, "Hakurudi mtu, mama watoto." Wakacheka. Wiki hiyo hiyo akafariki.

Sasa mhariri ameipata filamu ile mtandaoni. Ina wiki tatu kwenye kompyuta yake, na kwa wiki tatu Mama Tiketi amekuwa na visingizio: leo kichwa, kesho mvua, keshokutwa mgeni. Ukimbana, anasema ukweli. Kama aliikosea ile, basi watu wote hawa amekuwa akiwauzia maneno matupu. Na kama alipatia, atakuwa amemshinda mtu asiyeweza kumjibu.

Leo, baada ya yule mwalimu na basi lake, anapiga moyo konde. Anasimama, anageuza kiti kuelekea skrini, anakaa. Mhariri anaiweka moja kwa moja kwenye dakika za mwisho.

Mwanamke anafunga mlango. Anaweka ufunguo dirishani. Anashuka barabarani na sanduku dogo, peke yake, barabara tupu mbele na nyuma. Hakurudi mtu. Hapo tarumbeta zinafunguka, vilevile Mama Tiketi alivyoziimba mezani, na mwanamke anatembea bila kugeuka, mabega yameshuka kama ya mtu aliyetua mzigo.

Mama Tiketi anamfuata kwa macho mpaka barabara inabaki tupu.

"Kumbe furaha ni ya kwake," anasema hatimaye. "Amechoka kungoja, anakwenda zake. Mimi nilidhani mwanamke akifurahi lazima kuna mwanamume amerudi. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, ningejua nini?"

Anafuta machozi kwa upindo wa kanga, bila kuyaficha. Wote wawili walikuwa wamepatia, anasema, na wote wawili hawakuielewa ile filamu. Picha peke yake ilikuwa msiba, muziki peke yake ulikuwa harusi. Kinachomuuma ni kwamba wangeyajua haya kwa jioni moja tu, laiti mmoja wao angekubali kwamba mwenzake hakukosea.

Mhariri anamuuliza kama inatosha kwa leo. Anatikisa kichwa. Anataka zitafutwe na nyingine za ule ukumbi, zozote zitakazopatikana, na kila Ijumaa atakuja kutazama moja. Lakini hii kwanza.

"Irudishe mwanzo, mwanangu," anasema, akivuta kiti karibu. "Na uzime sauti. Nataka kuiona alivyoiona yeye."