Dakika Sita na Nusu

Kiwandani walimwita Mama Machozi, na walidhani wanatania. Kwa miaka kumi na saba alichanganya gundi ya plaiwudi katika chumba chenye dirisha moja lisilofunguka, na miaka yote hiyo macho yake yalitiririka kama ya mtu anayefiwa kila siku. Gundi ile ilitokana na mapipa ya kemikali inayotengenezwa kwa mafuta ya petroli. Mvuke wake ulimwingia machoni, puani, hata kwenye nguo, kiasi kwamba mjukuu wake alikataa kubebwa mpaka bibi aoge. Daktari hakumung'unya maneno: ama auache mvuke ule, ama macho yamwache yeye.

Ndiyo maana binti mmoja mkemia alipoletwa kiwandani pamoja na magunia ya unga wa kahawia, Mama Machozi alimpokea kama mkwe. Unga ule unaitwa lignini. Ndicho kitu kinachoshikamanisha nyuzi za mti tangu mti ukiwa hai, na viwanda vya karatasi hukitenga na kukichoma tanurini. Mkemia alieleza kuwa kinaweza kuchukua nafasi ya sehemu kubwa ya ile kemikali ya mafuta. Hakudanganya kwamba gundi mpya inanukia maua. Lakini Mama Machozi alikoroga pipa la kwanza, akaliinamia saa nzima, na macho yakabaki makavu.

"Mwanangu," alimwambia, "kitu hiki mlikuwa mmekificha wapi?"

Tatizo lilikuwa muda. Gundi ya zamani huiva kwa dakika nne ndani ya mashine ya kubana. Ya lignini haina haraka, inataka sita na nusu. Mkemia aliandika hivyo kwenye karatasi, akaibandika ukutani, akarudi maabarani kwake. Mashine ilikuwa mikononi mwa shemeji yake Mama Machozi, mdogo wa mumewe, mtu aliyezoea dakika nne hata mezani: ikifika ya nne, sahani nyeupe na yeye yuko mlangoni. Siku ya majaribio aliifungua mashine dakika ya nne. Vipande vya plaiwudi vilipochemshwa ili kupima gundi, vikafumuka kama daftari lililonyeshewa. Siku hiyohiyo meneja akaandika ripoti kwamba gundi ya mimea haishiki, akaagiza Mama Machozi, kama mchanganyaji, atie sahihi.

Aliisoma mara mbili. Kuhusu dakika, hapakuwa na neno hata moja. Ni sawa na mtu kupika maharage robo saa, akayatafuna, kisha akayatukana kwa ugumu wake. Na mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa ofisi yenye feni.

Alimfuata shemeji yake. Huyu alikiri kwamba alimwuliza meneja kuhusu ile karatasi ya ukutani, akajibiwa kuwa mashine haisomi karatasi.

"Na wewe ukafungua."

"Shemeji, mimi nina kazi moja tu."

"Na mimi nina macho mawili tu."

Shemeji alikuna kichwa. Alisema akifukuzwa atahamia kwake, na ulaji wake anaujua. Mama Machozi akamjibu kwamba kwa dakika nne atamvumilia.

Kesho yake asubuhi, kabla meneja hajafika, walibana upya. Dakika ya nne mkono wa shemeji ulijiinukia wenyewe. Mama Machozi akauchapa kama wa mtoto anayedokoa sukari. Baada ya dakika sita na nusu walifungua, vipande vikachemshwa saa nne nzima, kisha yeye mwenyewe akavitia patasi. Mti ulichanika. Gundi haikuachia.

Akavipandisha ofisini vikichuruzika maji. Meneja hakuvigusa. Alisema dakika mbili na nusu za ziada kila mbano, siku nzima, ni mbao nyingi zisizotoka. Hilo lilikuwa kweli, na kama angeliandika hivyo angekuwa muungwana.

"Basi andika kwamba wewe una haraka," alisema Mama Machozi. "Usiandike kwamba gundi haishiki."

Alikataa kutia sahihi. Akaongeza kwamba gundi ya zamani haigusi tena, aichanganye anayeipenda.

Meneja akateremka naye, akauliza watu ni nani atachanganya. Wanaume wazima, wenye vifua kama milango, wakaanza kuchunguza viatu vyao. Ndipo meneja akaitupa tai begani, akasema mwanamke huyu amedekezwa, akaingia chumba cha gundi mwenyewe.

Hakumaliza dakika kumi. Alitoka akijigonga kwenye mlango, leso usoni, akipapasa hewa. Shemeji, mtu anayeweza kucheka hata msibani, aliuma mdomo mpaka ukapauka. Mama Machozi ndiye aliyemshika mkono na kumketisha kwenye ndoo iliyogeuzwa, akamletea maji safi.

"Usifikiche, baba. Jimwagie maji taratibu, kuanzia puani kwenda nje."

Meneja alipokuwa akijimwagia, yeye alikwenda kuchukua karatasi mpya, akaandika kwa herufi kubwa: kwa dakika nne gundi ya lignini imeachia, kwa dakika sita na nusu imeshika. Akamwekea kalamu mkononi. Meneja aliuliza kimeandikwa nini, maana haoni. Akamsomea, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Mtu yule akatia sahihi, nusu yake nje ya mstari.

"Huu moto," aliuliza akiwa bado amefumba macho, "unachukua muda gani kuisha?"

"Mimi bado nasubiri," alijibu Mama Machozi, akaanza kuikunja ripoti.