Kijani Kisichotajwa

Sunaina alikuwa na mdomo. Kijiji kizima kilijua, na yeye mwenyewe hakukana. Kila mwezi aliwakusanya kina mama kwenye kituo cha watoto, akawapima wadogo uzito, kisha akawazungushia mkononi ule utepe wa rangi tatu: nyekundu ni hatari, manjano ni tahadhari, kijani ni heri. Mtoto akiangukia kijani, Sunaina alimnyanyua juu na kutangaza mpaka wachunga nyati wa maziwa kule mtoni wakasikia.

Ndiyo maana habari ya Ghuran ilimchanganya. Jina hilo maana yake wa jalalani. Mama yake, Rampari, alimpa makusudi, ili kifo kimdhanie takataka kimpite, kwa kuwa alikwishazika mtoto mmoja. Mvua zilipoanza, mkono wa Ghuran ulikuwa kijani. Sunaina akatangaza kama kawaida yake, na Rampari akamnyakua mwanawe akaondoka bila kuaga. Mwezi uliofuata, manjano. Uliofuata tena, manjano ya kuchungulia nyekundu. Mtoto hakuharisha, hakuwa na homa, na mbuzi wao alikamuliwa kila asubuhi. Sunaina aliushuku utepe, akaujaribu kwa watoto wengine, akaona hauna kosa. Alimhubiria Rampari habari za dengu na maziwa mpaka koo likamkauka, na mwenzake akaitikia kwa kichwa tu. Kilichomvuruga zaidi ni kwamba kila aliposema mtoto amepungua, mama alishusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo. Huyu ana wazimu, Sunaina alijiuliza, au mwenye wazimu ni mimi?

Siku moja akawazukia wakati wa chakula. Ghuran alikuwa akilishwa wali wa dengu, na bakuli lilipofika nusu mama yake akaliondoa. Mtoto akalinyooshea mikono. Hasira zikampanda Sunaina.

"We Rampari, mbona unamnyima na chakula kipo?"

"Akinenepa utamtangaza, dada." Rampari hakuinua macho. "Kaka yake ulimsifu. Ulimbeba ukamzungusha mtaa mzima. Wiki haikuisha, tukamzika."

Sunaina akakaa chini. Angeweza kuapa kwamba homa haisikii sifa, kwani mwaka ule ilichukua hata watoto ambao hakuwahi kuwasifu. Lakini kaburi ni kaburi, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Amfokee? Amwombe radhi? Kwa kosa gani?

Mwishowe akatema mate pembeni, kama wafanyavyo wanaoogopa kijicho, akamkazia macho mtoto.

"Mtoto gani huyu? Mbaya, hata jalala litamkataa," akasema. "Hebu mpe amalize, asitupotezee muda."

Rampari akalirudisha bakuli.

Mpunga ulipovunwa, kina mama wakakusanyika tena. Utepe ukatua kwenye kijani, kijani cha wazi kabisa. Wote wakamgeukia Sunaina wakingoja tarumbeta yao. Akaukunja utepe polepole. Moyo ulimdunda kwa furaha, na kwa woga ambao hakujua umetoka wapi, maana mambo hayo yeye hakuyaamini. Au aliyaamini?

"Mbaya vilevile," akasema kwa sauti ya chini.

"Ahsante, dada," Rampari akajibu, akamfunika mwanawe kwa upindo wa sari, machozi yakimtiririka.