Mgeni wa Mwanaesha

Watu wa Majengo wana midomo, nami ni mmoja wao, sikatai. Siku Kasyoka aliponunua baiskeli, mahamri yangu yalidoda. Kila mtu alikuja kibarazani kusema, si kula. Ati mwanamke mzima, karani wa mizigo bandarini, apanda baiskeli kama muuza mikate. Nikawauliza, miguu ni yake, pesa ni zake, nyinyi kinawawasha nini? Wakanywea, wakanunua mbaazi.

Kasyoka ni binti Kyalo, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Kyalo ni Mkamba, mtu wa kanisa, alipakia mizigo relini mpaka akastaafu. Mamake Kasyoka ni Mwanaesha, shoga yangu wa utotoni, tuliosoma chuo kimoja cha Kurani na kusukana nywele mlango mmoja. Mwanaesha alimpenda Kyalo bila ya nikaha, akashika mimba, na wazee wake wakaona aibu imewazidi. Alipojifungua tu wakamsafirisha kwa jamaa zao Pangani, Tanzania, na mtoto akaletwa kwa Kyalo amezongwa leso. Baadaye tukasikia ameolewa huko na bwana mmoja mwenye duka, Taib. Kisha wazee wakafa, nyumba ikauzwa, habari zikakatika.

Kyalo hakuoa. Alimlea mwanawe mwenyewe, akimkorogea uji kabla ya kwenda kazini, na mimi nikimsuka. Kila nikimsuka mtoto aniuliza lile lile: "Ma Saumu, nafanana na mama?" Namwambia macho ni yake, paji la uso ni la babako.

Alikua na haja moja, wala hakuificha. Alitaka mamake amtazame mbele za watu aseme, huyu ni mwanangu. Hakutaka urithi wala kulipwa malezi. Kyalo alimwambia, "Mwache mamako, ana maisha yake." Lakini Kyalo naye, kila aliposikia mtu ametoka pande za Tanga, alisogeza kiti karibu.

Mwisho akaazimia kumfuata Pangani. Baiskeli alijifunzia uwanja wa Tononoka, akaanguka mpaka magoti yakawa kama ya mbuzi. Ile yake aliinunua kwa Juzer, Mhindi Bohora wa Bondeni, aliyemshindilia mipira na minyororo ya akiba hata nikamwambia Juzer, mwana huyu haendi Makka. Nilipomuuliza Kasyoka kwa nini asipande basi, maana mabasi ya Tanga yapo tele, alinijibu: "Basi lafika upesi mno, Ma Saumu, moyo wangu hautakuwa tayari. Halafu nikishuka kwenye basi wataniuliza nimemfuata nani. Nikienda na baiskeli watasema mtalii. Sitamuaibisha kabla hajaamua mwenyewe." Nikaona ana akili. Kumbe akili hiyo ndiyo iliyomponza.

Yote ya njiani nimeyapata kinywani mwake. Aliondoka wakati wa kaskazi, jua la kupasua utosi. Akavuka Likoni, akashika njia ya kusini mpaka Lunga Lunga, na ng'ambo ya mpaka askari akaigeuza pasipoti yake mbele na nyuma. "Peke yako? Mume wako anajua?" Akasema hana mume. "Basi baba yako anajua?" Akasema anajua. Askari akamgongea mhuri, akamwambia, "Haya, pole yako."

Na pole ndiyo aliyoipata nchi nzima ile. Pole na jua, pole na safari, umepotea dada, wenzako wako wapi. Wanaume wa bodaboda walimfuata polepole wakimuuliza maswali, yeye akikanyaga na kuomba Mungu nyumba zitokee. Maji ya chupa yalipata moto hadi akasema angeweza kuyatia majani akanywa chai. Mapaja yalichubuka. Tanga alilala gesti, kiti amekiegemeza mlangoni. Kutoka hapo akapita mashamba ya mkonge yasiyo na kivuli hata cha kuku, akasikia kizunguzungu, akaketi chini kando ya njia na kutapika. Mama mmoja muuza madafu alimwinua, akampangusa uso kwa ncha ya leso yake, akamuuliza, "Mama yako yuko wapi wewe, anakuacha unatembea hivi?" Kasyoka akasema, "Ndiko nendako." Aliniambia hapo ndipo alipolia mara ya kwanza, na kilikuwa kilio cha furaha.

Pangani hakupata taabu, duka la Taib lajulikana. Alifika vumbi tupu, akaomba maji. Aliyemletea alikuwa mwanamke mnene wa makamo, amejifunga leso, na macho yale yale. Mwanamke akamtazama paji, akatazama baiskeli, akageuka akamwita mumewe: "Baba, tumepata mgeni. Msafiri huyu, wa baiskeli, anatoka Kenya."

Basi akawa mgeni. Na nyumba ile, nisiwaseme vibaya, walijua kukirimu. Taib alimkataza katakata asilale gesti. Akapewa kitanda cha binti mkubwa, shuka mpya, maji ya kuoga yametiwa asumini. Akatengewa wali wa nazi na samaki wa kupaka, sahani za kabatini zikashushwa. Watoto, nduguze wa tumbo moja, walimzunguka kumuuliza habari za safari na kupiga kengele ya baiskeli. Mamake alimpakulia minofu, akamwambia ale, asione haya. Kila akinyanyuka kushika fagio au sahani, mamake alimkalisha: wewe mgeni, pumzika.

Sote twajua mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kasyoka aliingoja hiyo siku ya tatu. Alijiambia, leo atanipa kazi, leo ataniambia nikune nazi au nichambue mchele pamoja na mabinti zake. Ikafika, ilikuwa Ijumaa, na mamake akamletea chai na mkate wa kumimina kwenye sinia, kama jana.

Adhuhuri Taib akaenda msikitini na wavulana, mabinti wakaenda sokoni. Kasyoka akaingia uani, akachutama kwenye beseni, akaanza kuosha vyombo. Mamake akaja akamshika mkono, akamnyang'anya dodoki.

"Mama," Kasyoka akamwambia, "mimi ni Kasyoka wa Kyalo."

"Nalikujua tangu uliposhuka," akasema. Siku zote hizo alisema Kiswahili cha huko. Hapo ndipo alipotoa kile cha Majengo.

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Taib alinioa akijua mimi mwari. Hawa watoto wanijua mimi ni nani? Nina binti aposwa mwezi ujao. Wataka nimwambie nini mkwe wangu?"

"Na mimi?"

Mwanaesha alichutama, akaosha vile vyombo yeye, kimoja kimoja, hata vilivyokwisha kuoshwa. Kisha akasema, "Babako alikulea vyema." Akaingia ndani, akatoka na leso mpya na samaki wa kukaanga wamefungwa kwenye karatasi. "Usirudi, mwanangu. Nakuomba kwa Mungu, usirudi."

Husemwa ng'ombe haelemewi na nunduye. Mimi nimemsikia aliyeelemewa, na nilimpenda, na siku nikikutana naye nitampa vidonge vyake.

Taib aliporudi alimsindikiza mgeni hadi njia kuu, akiikokota ile baiskeli mwenyewe. Akamwambia, "Ukipita tena, hapa ni kwenu." Maskini ya Mungu, hajui alisemalo.

Alirudi Majengo amekonda, ngozi ya pua imebambuka. Kyalo alikuwa ameketi mlangoni. Hakumuuliza safari wala jua. Akamuuliza, "Ulimwona?" Akasimama kabisa kungoja jibu, mzee wa watu. Kasyoka akamtazama. Akaona akisema kweli, babake atakufa na aibu ya kukataliwa mara mbili, yeye na mwanawe.

"Amefariki, baba. Zamani."

Kyalo aliketi. Akavua kofia. Jioni akaja kwangu: "Dada, yule alikuwa Mwislamu. Mimi wa kanisa, sijui yenu yaendaje. Nisomesheeni khitma, nitanunua mchele na nyama." Nami nikalia, shoga yangu, tuliosukana mlango mmoja. Nikajifunga kibwebwe, nikaita watu.

Wanaume wakaketi barazani kusoma, wanawake ndani. Nilikuwa nakaanga vitunguu vya pilau Kasyoka alipoingia jikoni, akafunga mlango, akanieleza yote haya niliyowaeleza. Nilitaka kutoka nikawanyamazishe wasomao. Alinishika kanga. "Mwache baba," akaniambia. "Jana alilala. Alisema sasa ajua kwa nini mama hakurudi."

Nikarudi kwenye vitunguu. Vilikuwa vimeungua, nikamwaga, nikaanza upya.

Yeye akaenda kuketi na wanawake, kwani ndiye mfiwa. Wakaja wakimshika mkono, pole mwanangu, mama ni mama, naye akijibu kila mmoja, "Nishapoa." Mpaka bibi mmoja wa Bondeni, asiyemjua Mwanaesha, akamuuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani.

Kasyoka akasema, "Alinikirimu sana."

Kisha akaangua kilio, akagaragara mkekani, na mle ndani hapakuwa na aliyeshangaa.