Mzigo wa Mwalimu

Mwezi uliopita nilirudi Butembo, na siku ya yenga, Jumapili yetu, baada ya misa, nikapanda kile kilima cha nyuma ya mtaa wa Kimemi. Mbele yangu walitembea kijana na mke wake, bado na nguo zao za kanisa, wakipigana picha kwa simu. Mama mmoja alikuwa anashuka na kikapu cha kabichi mgongoni, kamba imemkaza kipaji cha uso, shingo mbele. Akaangalia mikono yao, akacheka. "Bana bangu, barabara haipendi mikono mitupu." Wao pia wakacheka. Mimi nikatafuta jiwe la kukalia. Maneno yale yalikuwa ya Mukaka, ndivyo sisi Wanande tunavyomwita nyanya, na sikuwa nimeyasikia tangu wakati wa vita.

Wewe unatujua, rafiki yangu. Kwetu mtu hatembei bure. Mwanamke akienda shambani amebeba mbegu, akirudi amebeba kuni. Akienda kumsalimu mgonjwa amebeba maharage. Wanaume wanasukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, na nilipokuwa mtoto, magurudumu yake yakiteremka asubuhi ndiyo yaliyotuamsha. Ukimwona mtu barabarani na mikono mitupu, ni mlevi, ni kichaa, ao ni mtu wa serikali. Mukaka aliamini hivyo kabisa, na mimi niliyelelewa naye niliamini vilevile.

Halafu tukapata jirani wapya. Walikuwa mke na mume kutoka Tanzania, bado vijana, bado hawana mtoto. Mume alikuja kufundisha Kiingereza kwenye shule ya Waprotestanti, basi yeye tukamwita Mwalimu na mke wake Mama Mwalimu. Avenue nzima, kila nyumba ya barabara yetu, iliwachungulia. Mwanaume aliteka maji mwenyewe kwenye chemchemi, na wanawake pale waliziba midomo kwa vitenge wasionekane wanacheka. Mke alichemsha chai ya maziwa na tangawizi, harufu ikaruka ua ikatukuta tunakula viazi vya jana. Mwalimu alimwamkia Mukaka "Shikamoo, Bibi," na kwetu bibi ni mke wa mtu. Mukaka alimjibu, "Bibi yako ule pale, anapika. Miye niliisha zeeka." Tangu hapo walipendana. Mukaka alimpa Mama Mwalimu sombe, mboga ya majani ya muhogo, akapata chapati.

Lakini jambo moja lilimshinda Mukaka. Kila siku ya yenga, wakitoka ibadani, wale wawili walikunja mkeka, wakachukua termosi ya chai, wakapanda kilimani kuangalia. Kuangalia nini? Kuangalia tu. Likizo zikifika walipanda lori mpaka Beni, wakalala kwa baba yangu aliyekuwa na duka kule, wakaamka mapema waone theluji ya Ruwenzori kabla mawingu hayajaifunika. Walifika Mbau kuona miti ya pori. Walifika Kipese, mashambani huko juu, wakarudi wanatetemeka, wanasifu baridi kama zawadi. Mwalimu alitusimulia sisi watoto, nami nilisikiliza mdomo wazi. Mbau nilipita mara nyingi juu ya magunia ya baba na sikuwa nimeinua macho.

"Balileta nini?" Mukaka aliniuliza.

"Bameona teluji, Mukaka."

"Basi donc, hawakuleta kitu."

Vita ilipofika, kuangalia kukawa kosa. Askari walikuja, wakafukuzwa na wengine, na kila waliokuja walisema wao ndio wa kutuokoa. Kuku wakaisha avenue nzima. Usiku tulilala na viatu. Chini ya kilima wakaweka bariyeri, gogo la mti na vijana wenye macho mekundu. Waliwakamata Mwalimu na mke wake pale juu, wamekaa mkekani na vikombe. Wakawauliza, mnahesabu nini? Mnamwangalilia nani? Mchungaji na chef wa avenue, mkubwa wa mtaa, walikwenda kuwaombea. Wale wawili wakarudi pekupeku, Mwalimu mdomo umevimba, na mtaani maneno yakaanza kutambaa kwamba ni wapelelezi. Wakati ule neno hilo lilitosha. Mwenye duka wa avenue ya juu walimwita hivyo jioni, asubuhi akaokotwa mferejini.

Tulijua wote kwamba wakikamatwa tena hawatarudi. Njia ya mpakani, ya kurudi kwao, ilikuwa na bariyeri mbaya kuliko ile yetu, na Mwalimu hakutaka kuwaacha wanafunzi wake wa mwaka wa sita kabla ya mtihani. Mukaka akamsihi Mama Mwalimu wakae ndani. Akajibiwa kwa upole, "Bibi, tukijifungia humo tutaoza. Ile saa moja ya kilimani ndiyo inayotufanya tuvumilie wiki." Mukaka akachambua maharage yake mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Mwenye anatembea bure, batamuuliza. Mwenye anabeba, hakuna mutu atamuuliza. Barabara haipendi mikono mitupu. Kesho mukuje, nitabafundisha kubeba."

Ile kesho ndiyo siku ya mwisho ninayokumbuka avenue yetu ikicheka. Mukaka alimfunga Mama Mwalimu kamba ya kichwa, akampakia kikapu cha kuni, akamsukuma atembee uani. Kamba ikamteleza mpaka shingoni, kuni zikamwagika, mbuzi akakimbia. "Kichwa mbele! Weye uko natembea sawa jogoo." Mwalimu alipewa gunia dogo la viazi begani na jembe juu yake, akazunguka uani kwa uso wa mtu aliyepewa cheo. Mimi nilicheka mpaka tumbo likauma. Mama Mwalimu hakujifunza vizuri. Kikapu chake kilikaa upande siku zote. Termosi waliificha chini ya kuni.

Na ilifaa, rafiki yangu. Walipita bariyeri siku ya yenga moja na nyingine na nyingine. Askari waliona wakulima, wakaangalia kando. Mwalimu alikunywa chai yake kilimani, viazi vyake miguuni, akarudi navyo nyumbani vilevile. Viazi vile vilitembea kuliko mfanyabiashara yeyote. Mukaka alijisifu kwenye chemchemi, kwenye misa, kila mahali. Alisema akili haitoki masomoni peke yake.

Karibu na Pasaka wakaenda mbali kidogo, barabara ya Beni, kwenye kona ambako asubuhi safi unaona milima. Yaliyotokea pale alitusimulia Mama Mwalimu mwenyewe. Alikuwa amechoka, ameweka kikapu chini majanini, anamimina chai. Mwalimu alibaki amesimama, gunia begani, anamwonyesha mlima kwa kidole. Askari wakatokea kwenye kona, wengi, wanakimbia kutoka mapiganoni, na masanduku ya risasi yamewashinda. Mkubwa wao akaangalia watu wote waliokuwa barabarani. Mzee mwenye fimbo wakampita. Kijana mmoja aliyekuwa anatembea mikono mfukoni wakampita. Mama Mwalimu mwenyewe, aliyekaa na kikombe, wakampita. Mkubwa akanyoosha mkono: "Ule mwenye muzigo. Ule amezoea." Wakamwaga viazi barabarani, wakamtwika sanduku. Alipaza sauti kwamba yeye ni mwalimu. Wakacheka, wakampiga kitako cha bunduki, na kona ikamficha.

Jioni ile Mukaka na mimi tulikuwa kwenye ua tukivunja kuni. Chini barabarani tukaona mwanamke anapanda peke yake, kikapu kizito kimenyooka katikati ya mgongo, kamba imekaa kipajini sawasawa, shingo mbele, hatua fupi za mtu aliyebeba tangu utotoni. Mukaka aliweka mkono juu ya macho. "Ule mama anatoka Kipese," alisema. "Ona vile anabeba." Alikuwa anasifu. Mwanamke akakaribia, akaingia kwetu, akapiga magoti ili kikapu kitue bila kumwagika, kama alivyofundishwa, na ndipo tulipomtambua. Ndani kulikuwa na viazi vyote. Aliviokota barabarani kimoja kimoja.

Mukaka hakulia siku ile. Alikaa chini karibu na kikapu, akasema, "Ni miye nilimubebesha." Mama Mwalimu akamshika mkono, akamwambia, "Bibi, ulitaka tuishi." Alisema kweli, na haikusaidia kitu.

Mwalimu hakurudi. Viazi hatukuweza kuvila. Mukaka alivipanda kando ya ua wao, vikazaa, tukapanda tena. Mama Mwalimu alingoja mpaka wanafunzi wa mwaka wa sita walipofanya mtihani bila mwalimu wao, akangoja tena, mpaka njia ilipofunguka na kaka zake wakaja kumchukua. Aliaga kila nyumba. Mukaka alitafuta kitu cha kumpa abebe njiani, kwa sababu kwetu mgeni haondoki hivihivi. Aliingia ndani, akatoka, akaingia tena. Mwisho alimshika mikono yote miwili tu, akamwambia asante kwa Kinande, "Wasingya, mwana wangu."

Tangu hapo sikumsikia tena akisema yale maneno ya barabara. Kila siku ya yenga alipanda kilimani, mzee, polepole, hana hata fimbo, akakaa akiangalia barabara ya Beni. Watu walisema kichwa cha mzee kimeharibika. Nilimfuata, nikakaa naye. Siku moja mawingu yaliachana, milima ikaonekana mbali sana, nyeupe juu. Aliangalia mpaka ikafunikwa. "Donc ni ile," alisema. Ndipo akalia.

Mukaka amelala sasa kwenye makaburi ya parokia. Nyumba waliyokaa Mwalimu na mke wake imevunjwa, ua ule ni depo ya simenti, viazi vimekwisha. Kilima chenyewe kimejengwa mpaka karibu na juu, na barabara ya Beni huioni tena, unaona mabati. Watu wangu wa Beni bado wanakimbia vita, wamebeba magodoro.

Pale kilimani, nilipokaa juu ya jiwe, yule mama wa kabichi alikuwa amesimama karibu nami anapumzika, bado anawacheka wale vijana wawili. "Unaona, mama?" aliniambia. "Banatembea bule, hata kitu hawabebe."

Nikamwambia, "Baache, mama yangu. Baache batembee bule."