Simu Kikapuni

Mchezo wenyewe ulikuja na mume wa mpwa wangu, Mmarekani mweusi aliyefika kwangu Bwera na kicheko kikubwa. Nilimpenda. Alikula ugali wa muhogo bila kuuliza ni kitu gani. Jumapili ile tulikuwa tumemkaribisha kijana aliyetaka kumwoa binti yangu. Baada ya chakula yule Mmarekani alisema jambo kwa Kiingereza, mpwa wangu akalifasiri: kwao, watu wakianza kupendana, marafiki huwachezesha hivi. Kila mtu anatia simu yake kikapuni. Ikilia, inafunguliwa sauti, wote wasikie.

"Huo mchezo ni wa kuvunja nyumba," mke wangu alisema.

"Nyumba ya kuvunjwa na simu haikujengwa," nikamjibu.

Niliutaka, sitaficha. Kijana alifanya kazi katika kiwanda cha saruji kule Hima, lakini alizaliwa katika kambi ya jeshi, mtoto wa askari kutoka mbali, na miaka ile sisi wa milimani na watu wa kambi tulisalimiana kwa macho tu. Nilingoja simu yake ilie, mwanamke aongee, mambo yaishe. Yangu niliitia ya kwanza. Mimi niliishia darasa la pili, nikabeba magunia ya kahawa ya watu mpaka nikapata lori langu. Nani angenikuta na siri?

Ililia ya mpwa wangu. Fundi wa nguo, gauni liko tayari. Tukacheka. Mawingu yalishuka kutoka Rwenzori, sebule ikaingia giza mchana. Kijana alikaa wima, mikono magotini. Simu yake haikutikisika.

Ikalia yangu. Majina kuyasoma yananishinda, lakini namba nazijua kwa mikia yake. Ile ilikuwa ya dereva wangu, niliyemtuma Hima. Ningeweza kusema tu, iacheni. Binti yangu alikuwa ananitazama akitabasamu.

"Bonyeza," nikasema.

"Mzee, iko salama? Niko Hima tangu juzi. Nimeuliza kwa jirani, kwa kanisa, mpaka kwa kiwanda. Ile kosa ulinituma nitafute, haiko. Hakuna mutu anasema mubaya juu ya ile kijana. Sasa nifanye nini? Nirudi niseme tu ile tulipanga, ati iko na mutoto kule Kahendero?"

Mmarekani aliuliza kitu, bado anacheka. Mpwa wangu hakufasiri.

Kijana alisimama, akachukua simu yake. "Asante kwa chakula, baba."

Binti akachukua yake pia. Heri angefoka. Aliniuliza taratibu, "Huyo mtoto wa Kahendero, mlimpa jina?"

Wakatoka pamoja, mvua ikianza, na mke wangu akaenda kuwapa mwavuli. Mimi nilibaki nimekaa.

Harusi ilifungwa katika kanisa la kambi, Kasese. Sikualikwa, nikaenda. Nilivaa koti langu jeusi, nikapakia ng'ombe kwenye lori. Askari wa langoni alipitisha kidole kwenye karatasi, juu mpaka chini, akarudia.

"Mzee, jina lako haliko hapa."

"Mimi ni baba wa bibi harusi."

"Baba wa bibi harusi ameshaingia," akasema. "Geuza gari."